Mvua za Vuli, Panya na Ghala la Chama



Kila nikaguapo ghala lililoharibiwa na panya huambiwa neno lile lile: "Mwaka huu wametokea ghafla." Panya hawatokei ghafla. Mvua hutangulia kutoa habari zao, na mwenye kuiangalia hupata nafasi ya kujiandaa.

Panya shamba huzaa kwa kufuata mvua. Kiangazi kikali hupunguza chakula. Wengi hufa, na waliosalia hawazai. Mwaka wa kawaida huanza kuzaa masika yakiisha kukolea. Lakini uchunguzi uliofanywa Morogoro na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao wa Ubelgiji, tangu miaka ya 1980, umeonyesha kwamba vuli ikinyesha kwa wingi, panya wadogo hukomaa upesi na kuzaa kabla ya masika. Jike mmoja aweza kuzaa watoto kumi kwa mara moja. Hivyo mkulima apandapo, jeshi zima humngoja na kufukua mbegu kabla haijaota.

Hasara haiishii shambani. Mavuno yakiisha kuingizwa ndani, panya huyafuata majumbani na maghalani, wakichukua viroboto. Panya mwenye tauni akifa, viroboto humwacha na kutafuta damu ya mtu. Wilayani Lushoto, tauni ilizuka mwaka 1980, na hadi mwaka 2004 watu zaidi ya 7,000 waliugua na zaidi ya 600 walifariki.

Kwa hiyo, kila Katibu aandike siku za mvua kuanzia Oktoba. Vuli ikizidi kiasi, Kamati iitishwe mara moja: matundu ya ghala yazibwe, magunia yapangwe juu ya vichanja mbali na ukuta, nyasi zifyekwe, na wanachama wote watege kwa wakati mmoja, maana shamba moja lililoachwa huwarudishia wengine panya.

Wakionekana panya waliokufa pasipo kutegwa wala kulishwa sumu, wasishikwe kwa mikono mitupu, wala kazi ya kuua isiendelee. Bwana Afya aarifiwe, ili dawa ya viroboto inyunyizwe kwanza. Mwenye homa kali na mtoki apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tauni hutibika ikiwahiwa.

Jambo hili lisingoje Mkutano Mkuu wa mwaka. Mvua haitangoji.