Shahada Unayo, Ualimu Je?

Kila muhula wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita huniuliza hivi: "Mwalimu, nikisomea shahada isiyo ya ualimu, kisha baadaye nikapenda kufundisha, je, mlango utakuwa umefungwa?" Jawabu ni kwamba mlango haufungwi, lakini una kizingiti. Mimi mwenyewe nilipata kwanza Shahada ya Sayansi, ndipo nikarudi chuoni kusomea ualimu. Kwa hiyo nitaeleza njia hiyo ilivyo, ili kila mmoja wenu achague akijua.

Katika nchi yetu mtu huweza kuwa mwalimu mwenye shahada kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusoma shahada ya elimu kwa miaka mitatu, akijifunza masomo yake na ualimu pamoja. Ya pili ni kupata shahada ya kawaida, kisha kuongeza Stashahada ya Uzamili ya Elimu, ambayo kwa mwanafunzi wa kutwa huchukua mwaka mmoja. Njia hii ya pili si ngeni. Mwaka 1961 vijana wa Kimarekani wenye shahada walipoletwa kufundisha Afrika Mashariki, baadhi yao walipitia kwanza Makerere kusomea Diploma ya Elimu. Naye Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama mkoani mwetu, alifuata mpango uliogeuzwa: alisomea ualimu Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akafundisha Tabora, ndipo akaenda Edinburgh na kupata shahada mwaka 1952. Mpango ulikuwa tofauti, lakini vyote viwili, elimu ya somo na elimu ya kufundisha, alivipata.

Wengine hudhani kwamba mwenye shahada ataingia Chuo cha Ualimu hapa Tarime. Sivyo. Vyuo vya ualimu vya namna hiyo vimewekwa kwa wanaotoka shule za sekondari. Mwenye shahada huomba nafasi katika chuo kikuu, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 na hufundisha watu walio mbali. Hicho cha pili humfaa mtu aliye Mugumu au Sirari ambaye hawezi kuacha kazi yake wala jamaa zake. Aliyepata shahada nje ya nchi hana budi kwanza kuipeleka kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ili itambuliwe.

Hapa ndipo kwenye kizingiti nilichokitaja. Chuo hakitazami jina la shahada tu, bali masomo yaliyomo. Aliyesoma Kemia na Baiolojia, au Historia na Jiografia, ana la kufundisha sekondari. Lakini aliyesoma mambo yasiyofundishwa shuleni huweza kuwa na shahada nzuri sana, na bado akakosa somo la kusimama nalo mbele ya darasa. Basi ninyi mnaochagua kozi sasa, kama ualimu umo moyoni hata kidogo, hakikisheni kwamba shahada yenu ina masomo mawili ya sekondari ndani yake.

Mtauliza, "Mtu anayejua somo lake afundishwe nini tena?" Hufundishwa jinsi mtoto anavyojifunza, jinsi ya kuandika azimio la kazi na andalio la somo, jinsi ya kutunga mtihani wa haki na jinsi ya kumshauri mwanafunzi mwenye shida. Kisha hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na mkufunzi huja kukaa nyuma ya darasa.

Mimi nilifanya mazoezi hayo wilayani Serengeti. Mkufunzi wetu alikuwa ametukataza kuuliza "Mmeelewa?", kwani darasa zima hujibu "Ndiyo." Siku ya kufundisha osmosi, nilileta vipande vya viazi vibichi, vingine nikavitia katika maji matupu na vingine katika maji ya chumvi. Baadaye wanafunzi walivishika: vya kwanza vigumu, vya pili vimelegea. Nikawauliza maji yamekwenda wapi. Mtoto aliyezungumza Kingoreme nyumbani na Kiswahili shule ya msingi, na ambaye sasa alitakiwa kujibu kwa Kiingereza, alikuwa na kitu mkononi cha kusemea. Shahada ilinifundisha osmosi. Stashahada ilinifundisha kuleta kiazi.

Baada ya kufaulu, cheti peke yake si ajira. Anayetaka kazi ya Serikali huomba nafasi zinapotangazwa, na siku hizi huitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Akiajiriwa, mambo yake ya kupandishwa cheo na nidhamu huwa chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Nafasi ni chache kuliko waombaji, kwa hiyo kabla ya kuanza piga hesabu ya karo, ya chakula, na ya miezi utakayokaa bila mshahara.

Wapo wanaosema kwamba mwaka huo ni wa kupoteza. Mimi nasema yatazameni madarasa yetu. Mwanafunzi wa Nyamongo anayetembea asubuhi kuja kusoma Fizikia hana njia ya kuirudia siku hiyo. Akikutana na mtu anayejua somo asiyejua kulifikisha, hasara ni yake, wala hawezi kumdai mtu. Mwaka mmoja wa mtu mzima ni bei ndogo kuliko miaka minne ya watoto arobaini.

Mwalimu wa Baiolojia