Kaniki Si Nguo ya Wachawi

Filamu za Kibongo zikitaka kumwonyesha mchawi, humvika kaniki, ile nguo nyeusi. Mtazamaji wa mjini akishazoea, siku akipita Kibiti au Ikwiriri na kumwona bibi kajifunga kaniki, humnong'oneza jirani yake kwenye basi. Jambo hilo linaniuma. Bibi yule katoka kupalilia mpunga.

Huku kwetu Rufiji kaniki ni nguo ya kazi. Msimu ukifika, wanawake wa delta huhamia madunguni, vile vibanda vya juu ya nguzo katikati ya mashamba, wakalinda mpunga na ndege, nguruwe na ngedere. Tope la bondeni ni jeusi, likiingia kwenye kanga halitoki; kwenye kaniki halionekani. Kaniki mpya ni ngumu, ina wanga. Ukiifua mara ya kwanza beseni lote hugeuka buluu iliyokolea, na ukitoka jasho inakuachia rangi kiunoni. Hufuliwa mpaka ilainike na kushika mwili, na hapo ndipo inapopendwa. Ikichakaa haitupwi: huchanwa vipande vya sodo. Kungwi alimfundisha mwali kukikunja kitambaa, kukifunga, kukifua na kukianika mahali ambapo macho ya wanaume hayafiki. Mwanamke akishikwa na uchungu, kaniki ilitandikwa chini yake, maana damu haikuonekana humo na hakuna aliyeshtuka.

Mganga naye anayo, sikatai. Nyeupe, nyekundu na nyeusi ndizo nguo za uganga Pwani nzima. Mvua ikigoma, nguo nyeusi hupelekwa mizimuni, kwa kuwa wingu lenye mvua ni jeusi. Kuomba mvua ni uchawi gani? Kabla mganga Kinjikitile hajagawa maji ya dawa huko Ngarambe, kabla ya vita vya Maji Maji vya 1905, watu walikuwa wakiuendea mzimu wa Bokero, kwenye mto huu huu wa Rufiji, kuomba mvua.

Wako wanaoikataa kaniki kwa sababu ya utumwa, na hao nawaelewa. Karne ya 19 kaniki ilikuwa vazi la watumwa wa kike Pwani. Utumwa ulipofutwa, Unguja 1897 na Tanganyika 1922, wengi waliivua wakavaa kanga na baibui, wakawa waungwana mbele za watu. Lakini aibu ile ni ya aliyemmiliki binadamu mwenzake. Mkulima aliyeendelea kuivaa shambani kwake mwenyewe hana deni kwa mtu.

Sizungumzii kila nguo nyeusi: baibui lina watetezi wa kutosha. Na weusi wa msibani ni wa watu wa mjini; kwetu sanda ni nyeupe na wafiwa hujifunga kanga yoyote.

Bibi harusi wa siku hizi huchorwa piko, rangi nyeusi ya nywele iliyowababua wengi mikono, na hakuna anayemsema. Binti huyohuyo hathubutu kuvuka Barabara ya Kilwa na kaniki. Hata wa kumfundisha faida yake wamepungukiwa muda: unyago umebanwa ndani ya likizo ya shule, kungwi hapewi nafasi ya kusema yote. Huko visiwa vya delta mashua hufuata maji kujaa na kupwa, pedi zikiisha dukani zimeisha, na msichana hukaa nyumbani siku zake zote. Bibi yake anajua la kufanya. Walimu na wauguzi wetu wamwite aseme, na aje na kaniki yake.