Mvinyo Mkongwe wa Kihispania katika Joto la Shinyanga na Geita

Mvinyo mwekundu wa Rioja, eneo la kaskazini mwa Hispania, hupangwa kwanza kwa umri. Chupa iliyoandikwa crianza imetimiza angalau miaka miwili, mmoja kati yake ukiwa ndani ya pipa. Reserva imetimiza mitatu, na gran reserva mitano, ambayo angalau miwili kati yake imepita katika mapipa ya mwaloni ya lita 225. Hicho ni kiwango cha chini tu. López de Heredia, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1877 mjini Haro, huitunza gran reserva yake ghalani kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuiuza. Mnunuzi wake hupokea chupa ambayo tayari imezeekea mikononi mwa fundi.

Zabibu kuu ya Rioja ni tempranillo. Maganda yake hutoa rangi pamoja na tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Kadiri miaka inavyokwenda, chembe za tanini na za rangi hushikana, huwa nzito na kuzama, ndipo mashapo yanapotokea chini ya chupa. Mvinyo hupungua rangi na kulainika. Mwaloni wa Marekani, uliopendwa na watengenezaji wa huko kwa vizazi, huacha harufu ya vanila na nazi.

Si kila mvinyo hufaidika na uzee; mingi duniani hutengenezwa inywewe mapema. Ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya mvinyo wa Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na mchuzi wa zabibu hugeuzwa bidhaa bila kusubiri miaka. Kuuficha kabatini kwa miaka kumi ukitumaini utakuwa gran reserva ni kuuharibu.

Ghala zuri la mvinyo huwa na nyuzi 12 hadi 14 za sentigredi mwaka mzima. Shinyanga na Kahama mchana hupita nyuzi 30, hasa Septemba na Oktoba kabla ya mvua, na stoo ya bati hupita hapo kwa mbali. Chupa iliyoshuka bandarini Dar es Salaam husafiri takriban kilomita 1,000 au zaidi za lami kupitia Dodoma, Singida na Nzega, kisha husimama dukani Kahama au Geita chini ya taa. Joto huutanua mvinyo na kukisukuma kizibo. Kusimama muda mrefu hukikausha kizibo hicho na kuruhusu hewa ipenye. Kwa hiyo, katika ukanda huu wa dhahabu, mwaka uliochapwa kwenye lebo hueleza machache kuliko mahali chupa ilipolala. Dalili za kukagua kabla ya kulipa ni kizibo kilichonyanyuka, unyevu unaonata chini ya kifuniko, na kina cha mvinyo kilichoshuka chini ya shingo. Chupa ya bei kubwa yenye dalili hizo ni bora iachwe rafuni.

Chupa iliyosalimika husimamishwa wima kwa siku nzima ili mashapo yatulie. Mvinyo huu hunywewa ukiwa na nyuzi 16 hadi 18. Ushauri wa vitabu vya Ulaya wa kuunywa kwa joto la chumba haufai Shinyanga. Chupa iingie kwenye friji kwa saa moja hivi. Kizibo cha miaka ishirini hukatika kirahisi, hivyo huvutwa polepole. Kumimina nako ni kwa utaratibu, tochi ya simu ikimulika nyuma ya shingo, na mkono husimama mashapo yanapoanza kufika.

Glasi huinamishwa juu ya kitambaa cheupe. Ukingo wa mvinyo mkongwe huwa na rangi ya tofali, si zambarau. Kisha hufuata pua, ambako ndiko kwenye utajiri wote: tende, ngozi, uyoga, udongo ulioonja mvua ya kwanza, na majani makavu ya tumbaku, harufu ambayo mkazi wa Ushetu, mkoani Shinyanga, huijua kutoka kwenye mabani ya kukaushia. Harufu ya siki huonyesha kwamba hewa imeshinda. Harufu ya boksi lililolowa hutokana na kizibo chenye kasoro; haina madhara kwa afya, ila mvinyo umeshapotea. Ladha ya matunda yaliyopikwa kupita kiasi, nayo, huelekeza lawama kwenye joto la safari au la stoo.

Mdomoni, asidi ndiyo uti wa mgongo. Tanini iliyolainika bila asidi huacha kinywaji kilicholegea. Swali zito zaidi ni kama tunda bado lipo nyuma ya uzee. Gran reserva iliyotunzwa huonyesha cheri zilizokaushwa chini ya tumbaku, na ladha hubaki ulimini baada ya kumeza. Iliyokufa hutoa mbao na uchungu tu.

Mvinyo mkongwe ukishafunguliwa hauvumilii hewa. Harufu zake hupanda na kufifia ndani ya saa moja au mbili, tofauti na ule mchanga unaoweza kuchangamka jioni nzima. Mashapo hayadhuru, ila ni machungu. Unaobaki hufungwa na kurudishwa kwenye friji, na kufikia kesho yake kazi yake huwa ni kuchemshia nyama.