Nyota zako zinaonekana kama mchele? Dawa ni kugawanya kwa Z

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee kompyuta.

Kuna vijana wengi mtaani wanapata hela ya kula kwa kutengeneza video za matangazo na nyimbo. Mteja akitaka nyota zinazomjia usoni kama yuko ndani ya chombo cha angani, wengi wanakimbilia kununua kazi iliyotengenezwa tayari, na faida inaishia hapo. Wakijaribu wenyewe, nyota zinasogea kweli lakini zimelala bapa, kama mchele kwenye ungo.

Wengine wanasema eti inataka mashine ya bei mbaya. Sio kweli! Ile skrinseva ya nyota ilikuwepo kwenye Windows 3.1, mwaka 1992, na kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu kuliko simu uliyonayo mfukoni. Mimi nimeishia form four, na hesabu inayotakiwa hapa ni ya kugawanya tu.

Iko hivi. Kila nyota ipe namba tatu: x (kushoto na kulia), y (juu na chini) na z, yaani umbali kutoka kwako. Skrini haina z, kwa hiyo unagawanya:

mahali kwenye skrini = katikati + (x ÷ z) × 400
ukubwa = (2 ÷ z) × 400

Hiyo 400 ni kama lenzi ya kamera, ukiiongeza unavuta picha karibu. Y nayo inafanyiwa vile vile kama x.

Tuchukue skrini ya pikseli 800 kwa 600, katikati yake ni 400. Nyota yenye x ya 100 ikiwa mbali, z = 800, inakaa kwenye 450 na ina ukubwa wa pikseli 1. Z ikifika 400 inakaa kwenye 500, ukubwa 2. Ikifika 200 inakaa kwenye 600, ukubwa 4. Ikifika 100 iko 800, ukingoni kabisa, ukubwa 8. Umeona? Safari ndefu ya kwanza, kutoka 800 hadi 400, imeisogeza pikseli 50 tu. Ya mwisho, kutoka 200 hadi 100, ni fupi mara nne lakini imeisogeza pikseli 200. Mwendo wa z haujabadilika, ila jicho linaona nyota inachomoka. Kina chote kimetoka hapo.

Sasa mambo yanayoharibu kazi za watu:

1. Z ikikaribia sifuri, ukubwa unalipuka. Z ikiwa 1 nyota inakuwa pikseli 800, inaziba skrini nzima. Ikiwa sifuri hesabu inagoma, na ikipita hapo nyota inatokea upande wa pili, kichwa chini. Weka mpaka: z ikishuka chini ya 50, au nyota ikitoka nje ya skrini, irudishe 800 na uipe x na y mpya za kubahatisha.

2. Usianzishe nyota zote kwenye z moja, zitakuja kwa mafungu kama abiria wa daladala. Kila moja ianze na z yake.

3. Tawanya x kutoka -800 hadi 800 na y kutoka -600 hadi 600. Ukibana zaidi ya hapo, kwa mbali utaona kiboksi cha nyota katikati na giza pembeni.

4. Mwanga uwe 1 - (z ÷ 800). Nyota inazaliwa ikiwa giza na inang'aa taratibu, haitokei ghafla kama taa ya Luku iliyorudi.

5. Punguza z kwa sekunde, sio kwa fremu. Zidisha mwendo, tuseme 300, kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Vinginevyo kwenye kompyuta ya kafe nyota zitatembea kama kobe, na kwa mteja zitaruka.

Haya yote unaweza kuyaandika kwa JavaScript kwenye Notepad na kuyaona kwenye brauza, bila kununua programu yoyote. Ila angani kwenyewe haiko hivyo: Proxima Centauri, nyota ya karibu zaidi baada ya Jua, iko miaka 4.2 ya mwanga kutoka hapa. Hakuna chombo cha leo ambacho ungeona nyota zikikupita dirishani. Lakini mteja hajalipia astronomia.

Jaribuni, halafu atakayekwama aandike namba zake hapo chini tuziangalie pamoja.