Batli Zisizopatana: Saa, Kompyuta na Kiswahili cha Pwani

Katika Kiswahili cha ubaharia, batli ni daftari ambamo huandikwa mwendo wa chombo na yaliyotukia safarini. Neno hili lafaa kabisa kutajia kumbukumbu ambazo kompyuta hujiandikia: nani kaingia, huduma gani imezimika, na saa ngapi. Kompyuta zinapounganishwa katika mtandao, batli zake aghalabu hukinzana, hata msimamizi akashindwa kujua tukio lipi lilitangulia. Iwapo kuna aliyeingia bila idhini, mfuatano huo ndio ushahidi wenyewe.

Chanzo cha ukinzani huu chaweza kuelezwa kwa tukio la Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililo baharini. Kwa saa za Greenwich ilikuwa 10:53. Kwa majira ya Afrika Mashariki, yaliyo mbele kwa saa tatu, ilikuwa 13:53. Mswahili wa Malindi angesema saa saba na dakika hamsini na tatu mchana. Nambari ni tatu, tukio ni moja, wala hakuna aliyekosea. Hata hivyo pana mtego: anayeandika 7:53 kando ya 10:53 huiona tofauti ya saa tatu vilevile, ila imerudi nyuma badala ya kwenda mbele.

Chukulia basi kwamba kompyuta iliyoko Malindi hutuma batli zake kwa seva iliyoko Kilifi. Tofauti ikiwa saa tatu kamili, na isibadilike, yamkini mashine moja imewekwa kwa saa za Greenwich. Ikiwa ni sekunde chache zinazoongezeka siku baada ya siku, saa ya mashine moja inakimbia au inachelewa. Dawa yake ni NTP, itifaki aliyoibuni David Mills katika miaka ya 1980 ili kulinganisha saa kupitia mtandao. Tofauti ya saa sita haina budi kutiliwa shaka: huenda imetoka katika daftari la binadamu aliyehesabu saa Kiswahili.

Muundo wa zamani wa sislogi, ulioelezwa katika waraka wa RFC 3164 wa mwaka 2001, ulizidisha utata, kwani haukutaja mwaka wala ukanda wa saa. Waraka wa RFC 5424 wa mwaka 2009 ulirekebisha kasoro hiyo.

Aidha, si kila tofauti ni ya saa. Ujumbe unaosafirishwa kwa itifaki ya UDP hausubiri stakabadhi. Ukipotea njiani, mtumaji hana habari. Tena, mashine moja huweza kuandika mistari ishirini inayofanana, ilhali nyingine inaandika tu kwamba ujumbe uliotangulia umerudiwa. Kwa hiyo kuhesabu mistari hakutoshi. Njia ya hakika ni kutuma kutoka Malindi ujumbe mmoja wa majaribio wenye maneno ya pekee, kisha kuutafuta Kilifi: kama umefika, na umepigwa muhuri wa saa ya nani.