Bei Sawa Si Ushahidi wa Njama

Kila ninapozungumza juu ya bei hapa Kisangani, swali ni lile lile: "Kampuni mbili za ndege zinatuuzia tiketi ya Kinshasa kwa dola zile zile. Si wamekaa wakapatana?" Nimelijibu hadi nimechoka, na bado watu wenye diploma za uchumi wananionyesha tiketi mbili za bei moja kana kwamba wamekamata mwizi.

Nendeni soko kuu. Wamama wanaouza mchele ni wengi, na kila mmoja anamvuta mteja wa mwenzake. Kopo ni bei moja. Hakuna aliyewaitisha kikao. Anayepandisha peke yake anarudi nyumbani na mchele wake; anayeshusha anafuatwa na jirani kabla ya saa sita. Ushindani mkali unazaa bei moja. Mapatano ya siri nayo yanazaa bei moja. Basi bei kufanana, peke yake, haithibitishi lolote.

Kwa ndege kuna jambo la zaidi: wauzaji ni wachache, na bei haifichiki. Inasomwa katika ajansi yoyote mjini. Mmoja akishusha asubuhi, mwenzake atashusha jioni. Abiria watabaki wale wale na fedha itawapungukia wote wawili. Kwa hiyo hakuna anayeanza. Hawakuhitaji kuzungumza, walipiga hesabu tu. Tena wanachoma mafuta yale yale na kulipa ada zile zile za RVA, shirika la viwanja vya ndege, pale uwanja wa Bangoka. Abiria naye hana pa kukimbilia, maana kwa mto Kinshasa ni kilometa zipatazo 1,700. Inaumiza, nami inaniudhi, lakini kosa la jinai ni kitu kingine.

Sheria yetu ya ushindani ya tarehe 9 Julai 2018 inakataza washindani kupatana. Haimkatazi mtu kutazama bei ya jirani. Tazama tofauti hiyo kule Marekani: mwaka 1982 Robert Crandall wa American Airlines alimpigia simu Howard Putnam wa kampuni shindani ya Braniff, akamhimiza apandishe nauli kwa asilimia 20, akiahidi kwamba naye atapandisha kesho yake. Putnam alikuwa amerekodi maneno hayo, na serikali ya Marekani ikaenda mahakamani na rekodi hiyo. Haikwenda na tiketi mbili.

Dawa inayopendwa, eti gavana apange nauli moja kwa kampuni zote, ndiyo inayonishangaza kuliko yote. Mnalalamika bei ni moja, kisha mnaomba bei moja kwa amri! Kinachovunja utulivu huu wa bei, ambapo hakuna anayeanza kushusha, ni kampuni nyingine yenye ndege za kutosha na njaa ya abiria.

Wakati tunaingoja, nunua mapema. Uliza kilo za mzigo, maana huko ndiko nauli zinazofanana huachana. Uliza kama Go-Pass, ile ada ya uwanja wa ndege, imo ndani ya bei. Uliza utalipa nini ukibadili tarehe au safari ikifutwa. Mzigo usio na haraka upeleke kwa mto. Usiishie ajansi ya kwanza.

Na mwenye barua, ujumbe wa simu au shahidi aliyekuwa kikaoni, apeleke Wizara ya Uchumi leo hii. Mwenye tiketi mbili tu hana kesi.