Kusamehe na Kupatana: Je, Ni Jambo Moja?



Katika milima ya Ugweno mashamba ya migomba na kahawa ni madogo na yamebanana, hivyo mpaka uliopandwa masale ni jambo zito. Masale yakisogezwa hatua mbili tu, ndugu wawili waweza kukaa miaka mingi bila kusalimiana, ingawa kila Dominika wanasali katika kanisa moja. Aliyedhulumiwa hujiuliza: “Nimekwisha kumsamehe, lakini hatusemezani. Je, naweza kukomunika?” Swali hilo hutokana na kuyachanganya maneno mawili, kusamehe na kupatana.

Kusamehe kwaweza kuwa tendo la mtu mmoja. Aliyekosewa huachilia kisasi na kumwombea mkosaji mema, hata kama huyo hajaomba radhi. Mtakatifu Yohane Paulo II alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981. Siku nne baadaye, akiwa bado hospitalini, alitangaza kwamba amemsamehe aliyempiga. Hakungoja kuombwa. Hata hivyo, mtu yule alihukumiwa na kufungwa, kwa maana msamaha haufuti haki.

Kupatana kwadai zaidi. Kama ilivyo katika kupendana na kusaidiana, mwisho wa neno hilo waonyesha kwamba wahusika ni wawili: kila mmoja ampate tena mwenzake. Bwana wetu naye afundisha kwamba ndugu akikubali kuonywa, amepatikana tena (Mt 18:15). Basi mmoja husamehe, na mwingine hukiri kosa na kurekebisha alichoharibu. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne (Lk 19:8). Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 1459) yafundisha kwamba ondoleo la dhambi haliponyi madhara yote yaliyoletwa na dhambi; mwenye kutubu hana budi kufanya awezalo ili kuyatengeneza, kama vile kurudisha alichoiba.

Kwa hiyo, wewe uliyesamehe kwa moyo na uko tayari kupatana, usijinyime Komunyo kwa sababu tu mwenzako amekataa mkono wako. Mtume Paulo atuagiza kuishi kwa amani na wote kwa kadiri iwezekanavyo kwa upande wetu (Rum 12:18).

Nawe uliyesogeza mpaka, usiseme “yaliyopita yamepita” huku ukiendelea kuvuna ndizi za mwenzako. Agizo la kuacha sadaka mbele ya altare na kwenda kwanza kupatana (Mt 5:23-24) lakuhusu wewe. Jirani zetu Wachagga hupeleka sale kuomba radhi. Ni vema kuomba radhi, lakini masale ya mpakani nayo yarudi mahali pake.

Mkishindwa kuelewana wenyewe, waiteni viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, katekista au Paroko awasikilize. Msingoje kukutana msibani.